Vitabu vilivyotuganda tangu utotoni: kipi kilikuachia swali ukakosa wa kumuuliza?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Mijadala ya vitabu vya utotoni huwa inaishia kwenye kutaja majina. Fulani kataja hiki, fulani kataja kile, tumefurahi, tumeondoka. Leo naomba twende mbele ya hapo. Ukitaja kitabu, tueleze kwa nini hicho ndicho kilichokuganda wakati vingine ulivyosoma miaka ileile vimeshafutika kichwani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnipinge vizuri. Mimi naona kijana hugandwa na kitabu kinachomwonyesha mtu anaonewa, au mtu mwema anatenda jambo baya, kisha kinamwachia swali mkononi. Anatazama huku na huku, nyumbani, shuleni, msikitini au kanisani, haoni mkubwa aliye tayari kukaa naye walizungumze. Anabaki nalo mpaka anakuwa mtu mzima.

Chukueni Adili na Nduguze. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1952, na wengi wetu tulikikuta kwenye kabati la mjomba au shangazi kikiwa hakina jalada. Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma Ikibali kwa Adili, liwali wa Janibu, kufuatilia kodi iliyochelewa. Adili anasifika kwa wema kila pembe. Usiku mgeni anasikia mwenyeji wake ameamka, anamfuata kimyakimya, na anachokiona ni hiki: Adili anafungua chumba, ndani mna manyani wawili, anashika mjeledi anawachapa mpaka wanalia. Akimaliza anawafuta machozi na kuwalisha chakula kizuri. Usiku wa pili, vilevile.

Mtoto wa darasa la tano hapo anakifunga kitabu kwanza. Kwa nini mtu mwema anapiga? Na kama anawaonea huruma, kwa nini asiache? Baadaye hadithi inakueleza kwamba manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa kijicho, na kwamba jini Huria ndiye aliyewageuza na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Sababu umeipata. Lakini mimi sababu ile haikunitosha hata siku moja. Mtu akiamriwa kutesa, naye akatesa huku analia, ana hatia au hana? Swali hilo nimelikuta tena ukubwani kwa askari anayesema ametumwa, kwa mwalimu anayetandika viboko kwa kuwa mkuu wa shule kaagiza, kwa mzazi anayesema nakuchapa kwa sababu nakupenda. Kila nikilikuta, akili inarudi kwenye kile chumba cha manyani.

Kusadikika nacho, cha mwaka 1951, kilinifanyia hivyohivyo ingawa kwa namna nyingine. Karama anashitakiwa kwa kuanzisha mafundisho ya sheria, Waziri Majivuno anataka afe, na utetezi wake wote ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi kutafuta mambo mema, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Mtu ametumwa na nchi yake, kaleta faida, kafungwa. Nilimuuliza mwalimu kwa nini. Akaniambia andika: dhamira, uongozi mbaya. Nikaandika, nikapata alama. Wale wajumbe sita wamo gerezani na mimi nimeambiwa nigeuze ukurasa! Shaaban Robert aliyaandika hayo akiwa amefanya kazi miaka mingi ya ukarani katika serikali ya kikoloni, chini ya watu walewale ambao hadithi ingeweza kuwahusu. Hilo darasani halikutajwa.

Sasa nije kwenye kile kilichonishika kuliko vyote. Rosa Mistika.

Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, hadithi inaanzia kwao Ukerewe, na kilipigwa marufuku mashuleni kwa madai kwamba kinaharibu watoto. Sisi kilitufikia bwenini kimevalishwa jalada la daftari la Jiografia, na juu ya hilo jalada gazeti. Foleni ilikwenda kwa vitanda. Wa kitanda cha dirishani anaanza, akimaliza anampa wa juu yake, na sharti ni moja, usikunje ukurasa. Waliotangulia walitunong'oneza kwamba kuna sehemu fulani humo ndani. Tulipozifikia, hazikutushughulisha kama tulivyotegemea. Aliyetushika ni Zakaria, baba yake Rosa, mlevi na mkali kupita kiasi, na kile kipigo anachompa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Usiku ule taa zimeshazimwa, wasichana wakaanza kuwasimulia baba zao. Mmoja alisema baba yake hukagua begi lake kila likizo kabla hajamsalimia. Mwingine alisema wake hajawahi kumgusa hata kwa kofi, ila hajawahi pia kumuuliza anaendeleaje. Hatukuwa tumewahi kuzungumza hivyo, na tulikuwa tumelala chumba kimoja muda mrefu.

Rosa anatoka kwenye woga wa baba, anaingia kwenye uhuru ambao hakuna mtu aliyemwandaa kukutana nao, wanaume wanamtumia, mwisho anajiua. Tukabishana: nani kamuua? Baba? Wale wanaume? Yeye mwenyewe? Wapo waliosema mama yake, kwa kunyamaza. Matroni alikinasa kile kitabu mapema na nilikuja kukimaliza nikiwa kazini, lakini mabishano yalikwenda mpaka tunafunga shule. Ninaamini mpaka leo kwamba kilichowatisha wakubwa kilikuwa hayo mabishano. Kitabu kilichowataja baba wa aina ile hadharani kilikuwa kigeni kwao kuliko kwetu.

Sasa nikiingia duka la vitabu nikifungua vitabu vingi vya watoto, ukurasa wa mwisho nakuta: hadithi hii inatufundisha nini? Halafu jibu limeshaandikwa. Tii wazazi, penda shule, usiwe mwivu. Picha nzuri, karatasi nzuri, na hakuna mtoto atakayekikumbuka akifika miaka thelathini. Inaniuma, kwa sababu tunao waandishi wanaoweza zaidi ya hapo.

Karibuni. Nipingeni.

#2 Mdau wa Unguja

Dada umegusa penyewe. Mimi changu ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kilishinda shindano la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 50 kikachapishwa 1960, na kwetu skuli kilikuwa kinakwenda mkono kwa mkono mpaka kurasa zinanata.

Nikueleze kwa nini. Mimi nimekulia shamba, pahala pana mti wake, pana jiwe lake, pana pango lake, na kila pahala mtoto anaambiwa usipite magharibi. Mtu akifa vibaya, wakubwa wanatazamana, wanasema kwa sauti ndogo, basi imekwisha. Hapo ndipo nilipokutana na Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho. Bwana Ali Bomani amekutwa ameuliwa palepale kwenye mzimu. Kila mtu anaogopa. Bwana Msa anatia kiko chake tumbaku, anamsikiliza mwenzake Najum, anamsikiliza inspekta, halafu anaanza kuuliza mambo ya kawaida kabisa: nani alikuwa wapi, nani anarithi, nani kasema uongo na kwa nini. Hamtukani mtu imani yake. Anauliza tu.

Wallahi nilihisi kama mtu kaniruhusu kitu. Kumbe mtu anaweza kuuliza! Mwaka ule alifariki jirani yetu, kijana mzima, na maneno yakawa ni yaleyale, kaguswa. Mimi nikamuuliza babu: jee, nani alikuwa naye jana usiku? Babu alinitazama muda mrefu, akanambia nikalale. Jibu sikupata na mpaka leo sijui kijana yule alikufa kwa nini. Lakini tokea siku ile sijaweza tena kuridhika mtu akinambia jambo limetokea lenyewe. Nimefanya kazi ya maabara ya hospitali maisha yangu yote na naweka sababu kwa Bwana Msa.

Baadaye nikavisoma Kisima cha Giningi, Siri ya Sifuri na Mwana wa Yungi Hulewa. Vizuri vyote, lakini cha kwanza ndicho kilichonibadilisha.

#3 Mdau

Mleta uzi, nakupinga kwa heshima. Umesema mafunzo ya wazi hayamgandi mtoto. Hebu kusanya watu waliosoma shule ya msingi Tanzania zama za vitabu vya kiada vya Tujifunze Lugha Yetu, uwatajie Karudi Baba Mmoja. Watakuimbia mwanzo mpaka mwisho, na mtu anajipangusa macho. Lile shairi ni funzo tupu. Baba kaja mgonjwa, watoto wanataka neno la kuwafaa, anawaambia mali iko shambani, anakufa. Hakuna swali pale. Fanyeni kazi, kwisha habari.

Na Kibanga Ampiga Mkoloni je? Sizitaki Mbichi Hizi? Mimi nina watoto wakubwa, na nikimwona mtu anadharau alichokikosa, neno la kwanza linalonitoka ni la yule sungura. Vitabu vile vilitulea. Tusije tukavisukuma pembeni kwa sababu vilikuwa na adabu ndani yake.

#4 Mleta uzi

#3 mkuu, hoja nzito hii na ninaikubali nusu.

Karudi Baba Mmoja naijua kwa moyo na mimi. Lakini tuitazame vizuri. Kwanza tuliimba. Darasa zima, kila wiki, kwa sauti moja, na kitu kilichoingia kwa wimbo kinakaa hata kama hukukifikiria. Pili, yule baba hatoi maelezo mengi. Anasema mali iko shambani, na wanawe wakimbana anaongeza tu kwamba washirikiane na wafanye kazi, anakata roho. Watoto wanabaki na maneno ya marehemu na shamba, wajitafutie wenyewe maana yake. Mshairi angeweza kumpa yule mzee beti tano za kuelekeza lini wapalilie na lini wavune. Kamnyima. Mimi nadhani machozi unayoyasema yanatoka hapo, kwa mtu anayekufa maskini na hana cha kuwaachia wanawe ila maneno machache.

Kibanga nakuachia, nimeshindwa. Kibanga alikuwa raha tupu. Darasa lilikuwa linapiga meza akishampiga yule mkoloni.

#5 Mdau wa Nakuru

Shukran kwa uzi. Huku Kenya kizazi changu kizima kitakujibu kwa jina moja: Siku Njema. Ken Walibora alikichapisha mwaka 1996, kikawa kitabu cha kutahiniwa katika sekondari, na tuliokisoma tulikuwa tukijiita Kongowea darasani.

Kongowea Mswahili ni kijana wa Tanga, mamake Zainabu Makame alikuwa mwimbaji wa taarabu, na baba hamjui. Anatukanwa kwa hilo tangu utotoni. Mama akishafariki anateseka mikononi mwa watu wazima waliopaswa kumlea, hadi anafunga safari kuvuka mpaka kuja Kenya kumtafuta huyo baba. Mimi nilisoma hayo nikiwa kidato cha tatu, nikiwa nimelelewa na nyanya yangu, na jina la baba lilikuwa halitajwi kwetu. Nilikuwa nadhani ni mimi tu nchini mwenye aibu hiyo. Kisha nikaingia darasani nikakuta wanafunzi zaidi ya arobaini wanamshangilia mtoto wa namna yangu, wanamwombea afike.

Swali langu lilikuwa hili: baba aliyekuacha, una deni la kumtafuta? Kongowea alienda. Nikawaza sana kama mimi ningeenda. Mwalimu wetu, na nitamshukuru daima, hakutufunga mdomo. Alituacha tugawanyike pande mbili tubishane hadi kengele ikalia, kisha akatuambia tuandike insha, kila mtu na upande wake. Kwa hiyo mleta uzi, si wakubwa wote walikimbia. Wengine walisimama pale pale nasi.

Walibora alipogongwa na basi jijini Nairobi mwezi Aprili 2020, ilikuwa wakati wa korona, watu walikuwa hawawezi kukusanyika ipasavyo kumlilia. Nilikaa nikasoma sura ya kwanza tena. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno, cha mtu anayekipenda waziwazi. Wengi huku tulianza kukiona Kiswahili kama lugha ya kujivunia, kupita ile ya mtihani na ya sokoni, kwa sababu yake.

#6 Mdau, mwalimu wa sekondari

Naomba kuchangia kutoka upande wa pili wa ubao.

Vitabu hivi mnavyovitaja wanafunzi wengi siku hizi hawavisomi. Wanasoma madesa. Kuna muhtasari wa riwaya kwa kurasa chache, dhamira zimepangwa, wahusika wamepangwa, mbinu za kisanaa zimepangwa na mifano yake. Mwanafunzi anafaulu riwaya ambayo hajawahi kuishika. Silaumu watoto, kwa sababu nakala za maktaba ni chache kuliko madawati na mtihani wenyewe unalipa kukariri.

Ninachofanya ni kusoma kwa sauti. Kipindi cha mwisho, jua kali, wamechoka, nachukua Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo nawasomea mimi. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya ada na sare, mama anauza chakula, baba mlevi, watoto wanaishia jalalani kuokota. Kitabu cha mwaka 2002. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, kwa hiyo nilidhani wanafunzi wangu watakiona kama habari za zamani. Nilipofika pale watoto wanapofukuzwa, msichana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye huwa hasemi, akanyoosha mkono. Akaniuliza: mwalimu, huyo anayewafukuza si anajua kwao hela hakuna? Sasa anategemea waipate wapi?

Darasa likatulia, wote wananiangalia mimi, kwa sababu mimi ni mwalimu. Nikawaambia nilivyoona kweli: kwamba mwalimu yule naye ana mtu juu yake anayedai hesabu, na kwamba hilo halimwondolei lawama. Tulizungumza mpaka kipindi kikaisha bila kufika kwenye dhamira. Wiki iliyofuata walikuja watatu kuniomba kitabu waondoke nacho.

Sikubaliani na mleta uzi kwamba swali linaganda kwa sababu hakuna mkubwa wa kulijibu. Nadhani linaganda zaidi mkubwa akilisikia na akalichukulia kwa uzito.

#7 Mdau

Wengi mmetaja riwaya. Mimi langu ni Wasifu wa Siti binti Saad, Shaaban Robert tena, kilichotoka 1958. Kidogo sana, unakimaliza siku moja.

Nilikuwa naimba. Nyumbani nilikatazwa, mwanamke anayeimba mbele za watu mnajua anavyoitwa. Halafu naletewa kitabu na mtu huyohuyo ambaye wakubwa wote wanamheshimu, ambaye mashairi yake yanasomwa redioni, na anamwandika mwimbaji mwanamke kwa adabu kama anaandika habari za sultani. Mtoto wa Fumba, fukara, muuza vyungu, anapita mitaani anaimba ili wateja wajue anakuja. Anakwenda mjini, anajifunza, mwaka 1928 anavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake inafika pwani yote. Waliomcheka sura na asili yake, aliwajibu kwa wimbo.

Nilikiweka kitabu kile sebuleni, mezani, mahali baba anapoweka redio. Sikusema neno. Kikakaa pale siku nyingi. Baba alikisoma, nilijua kwa sababu alama ya ukurasa ilikuwa inasogea. Hakuwahi kuniambia chochote, wala kuniruhusu wala kunikataza tena. Nikaingia kwaya ya shule.

#8 Mdau

Nimefuatilia uzi wote, mzuri sana. Ila suala la Rosa Mistika lazima niseme. Nina binti wa miaka 13. Simpi. Mleta uzi anasema wakubwa waliogopa mabishano. Mimi naogopa mtoto wa umri huo kukutana na msichana aliyekata tamaa mpaka akajiua, akiwa peke yake na kitabu usiku. Mleta uzi bwenini alikuwa na vitanda vya wenzake pembeni. Binti yangu ana chumba chake.

#9 Mleta uzi

#8, uko sahihi kuhusu kuwa peke yake, na sikuwa nimelitazama kwa upande huo. Sisi tulikuwa chumba kizima, kitabu kilisomwa na watu wengi kwa wakati mmoja na hofu tuligawana. Kwa miaka 13 subiri. Kwa miaka 16 au 17 mpe, ila kisome tena wewe kwanza, halafu ajue kwamba umekisoma. Na ikitokea akakipata mapema kwa njia zake, maana vitabu hivi vina njia zake, usimnyang'anye. Kaa naye.

#6 mwalimu, nimeisoma sentensi yako ya mwisho mara kadhaa. Nadhani wewe na #5 mmeishinda nusu ya hoja yangu. Ile nusu nyingine naishikilia: kitabu lazima kiwe kimebeba swali lenyewe. Mwalimu hodari akisomea darasa kitabu ambacho majibu yake yamechapwa ukurasa wa mwisho, hatapata mkono wa kiti cha nyuma.

#7, hiyo alama ya ukurasa inayosogea imenifika.

#10 Mdau

Naomba msaada wa vitendo. Kijana wangu ana miaka 12, yuko darasa la saba, simu ndiyo maisha yake. Anasoma Kiswahili vizuri lakini anasema vitabu vinaboa. Nianze na kipi? Niko Dar.

#11 Mleta uzi

Anza na Adili na Nduguze. Lugha ina maneno ambayo hatayajua, kwa hiyo usimwachie peke yake. Msomee kwa sauti mpaka pale Ikibali anapofungua macho usiku na kumfuata mwenyeji wake, kisha funga, mwambie utaendelea kesho. Kama nimemjua mtoto wa miaka 12, kesho yake atakuwa ameshaendelea.

Cha pili, Takadini cha Ben Hanson. Zimbabwe ya zamani, mama aitwaye Sekai aliyekaa miaka mingi bila mtoto anajifungua mtoto mwenye ualbino, mila inataka mtoto afe, mama anambeba usiku na kutoroka naye. Kwa nchi yetu, baada ya mauaji yale ya ndugu zetu wenye ualbino, kijana akisoma hiki atakuja na maswali kuhusu watu wazima wa hapahapa. Jiandae kumjibu ukweli.

Akimaliza hivyo na kama anapenda upelelezi, Bwana Msa. #2 ameshakueleza.

Peponi cha Gurnah, kilichotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, muwekee akifika sekondari. Kinaanza na mvulana wa umri wake, Yusuf, anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita ami kwa sababu baba yake ana deni, na mtoto haelewi kwamba yeye ndiye malipo. Ni kizito, kina mengi ya watu wazima, lakini sioni kitabu kingine kinachomweleza mtoto wa pwani na bara historia ya biashara ya misafara kwa macho ya mtoto mwenzake.

Vya kununua, pita duka la vitabu la TPH pale mtaa wa Samora. Kabla ya kununua, mpeleke Maktaba Kuu barabara ya Bibi Titi, mwache achague mwenyewe, hata akichagua usichokipenda. Na tafadhali usimwulize amejifunza nini. Mwulize nani kamuudhi humo ndani.

#12 Mdau (#10)

Asante sana dada. Kesho napita Samora. Swali dogo: ana mdogo wake wa miaka 7, anapenda kukaa tukisoma. Manyani na mijeledi, ataweza?

#13 Mleta uzi

Mwache akae. Ile sehemu ya kuchapwa manyani ataivumilia, watoto huivumilia kuliko sisi. Inayowasumbua wadogo ni pale Adili anapotoswa baharini na ndugu zake mwenyewe. Ukiikaribia, mwambie kabisa kwamba anaokolewa, vinginevyo hatalala.